Maji Yalimfika Wapi

Nakutegea hiki, na usikimbilie kujibu. Ana kazi moja tu tangu kabla hujazaliwa. Haombi likizo, halali, hagomi, na bosi wake hajamwona kwa macho hata siku moja. Siku atakayoamua kukaa chini apumzike kidogo, majirani wanakuja kwako na viti. Nani huyo?

Umeshindwa? Nipe mji. Ni moyo.

Mume wangu naye alishindwa. Yeye hushindwa vyote. Tangu tuoane amenipa miji mpaka miji imekwisha, siku hizi ananipa vituo vya basi. Ni fundi bomba, na fundi bomba ukimuuliza swali analitazama kwanza kuona linavuja wapi. Nakwambia mapema ili umjue, maana habari hii ni yake yeye na mjukuu wetu tunayemwita Pikipiki.

Jina la Pikipiki alilipata akiwa mchanga, kwa ule mlio aliokuwa anautoa usingizini. Alipokua likamfaa kwa miguu. Anacheza mpira timu ya wasichana, pembeni kulia, na mabeki wa upande wa pili wakimwona anafunga kamba za viatu huanza kulaumiana mapema. Anakaa kwetu. Baba yake, mwanangu, ni dereva wa lori, na dereva wa lori ni mtu wa kumsikia zaidi kuliko kumwona. Mama yake anashona sare kiwandani, anatoka mapema na kurudi amechoka. Basi mtoto ni wetu. Babu yake anamwita mchumba, kwa hiyo mimi namwita mke mwenza, na tunagombana vizuri tu.

"Mke mwenza, umeniunguzia sufuria."

"Wewe umenizeeshea mume, mbona sisemi?"

Ndivyo tunavyoishi.

Kuna jambo moja la ukoo huu nililikuta nilipoolewa. Watu hawaogelei. Mdogo wake mume wangu, yule wa kumfuata, alizama mtoni akiwa kijana, mimi bado sijaja. Tangu hapo ukoo mzima una ugomvi na maji. Beseni halilali na maji. Pipa lina kifuniko, na kifuniko kina jiwe juu yake. Shule iliposema watoto wapelekwe bwawani kujifunza, mume wangu alikwenda kwa mwalimu na kofia mkononi akamwambia, "Wa kwangu mwache akimbie." Basi watoto wetu wote walikimbia. Mwanangu alikimbia, binti zangu walikimbia, sasa anakimbia Pikipiki. Tuliwatoa kwenye maji tukawapeleka uwanjani, tukajiona tumemaliza kazi.

Na mume wangu mwenyewe anashinda na maji mikononi kutwa. Nilimuuliza zamani inakuwaje. Akasema maji ya ndani ya bomba yana adabu.

Timu ya Pikipiki ikapanda daraja. Kocha wao, mwanamke mmoja mnene ambaye filimbi haimtoki shingoni hata akija kunywa chai, alikuja nyumbani.

"Bibi, mwaka huu hakuna kugusa mpira wa ligi bila kupimwa moyo. Kesho kila mchezaji aende hospitali na mzee wake mmoja anayeujua ukoo."

"Kwani mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Ndiyo maana anapimwa."

Nikamtazama.

"Mgonjwa huenda hospitali mwenyewe, bibi," akasema, akiongeza sukari. "Hawa wazima ndio wanaotuangukia uwanjani watu wakidhani wanapoteza muda makusudi."

Mume wangu alikuwa chumba cha pili. Alisikia neno hospitali na neno kesho, akaanza kupanga spana zake. Nilimwambia hakuitwa kwa ajili ya sinki. Akasema hospitali haijawahi kumwita kwa jambo lingine. Tukaenda hivyo, mimi na mkoba wangu, yeye na mfuko wa spana, Pikipiki mbele anarukaruka kana kwamba barabara ina moto.

Benchi la pale lilikuwa limejaa wasichana wa timu, wamevaa raba, na wazee wao. Unaweza kujua nani wa nani kwa kuangalia magoti. Muuguzi alituingiza chumba cha kipimo, akamlaza Pikipiki kitandani, akambandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, kila kimoja kina waya, na nyaya zote zinaingia kwenye kisanduku.

"Usicheke, usiongee, usitikisike," muuguzi akamwambia.

"Bibi, nikilipuka je?"

"Nitabaki na mume wangu peke yangu. Nyamaza."

Kisanduku kikatoa karatasi yenye mstari unaopanda na kushuka. Nilidhani watatuambia hapo hapo kama ni mzima, kama vile mtu anavyopima uzito. Muuguzi aliutazama ule mstari, akautazama tena, akasema, "Mtaingia kwa daktari." Wenzake Pikipiki walikuwa wanapewa karatasi wanaondoka. Sisi tukaingia kwa daktari.

Daktari alikuwa binti mdogo, nywele amezifunga nyuma, miwani ameipandisha kichwani kama mtu asiyeihitaji. Chumba kidogo, meza, viti, kitanda, sinki ukutani. Bomba la sinki lilikuwa linadondosha, tii, tii, na nilimwona mume wangu amekwishaanza kuteseka.

Daktari akaweka rula juu ya ule mstari.

"Moyo ukishapiga," akasema, "unajikusanya kwanza ndipo upige tena. Wa huyu unachelewa kidogo kujikusanya. Kidogo sana. Uko mpakani."

"Mpakani mwa nini?" nikauliza.

"Kuna watu mstari wao uko hivi na wanazeeka, bibi. Na kuna ambao uko hivi na hawazeeki. Kwa karatasi hii peke yake siwezi kusema huyu ni wa wapi. Ndiyo maana nawaulizeni ninyi."

Akamgeukia Pikipiki. "Umewahi kuzimia?"

"Hapana."

"Kwenye ukoo wenu, kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Bila ugonjwa?"

"Hakuna," akasema mume wangu.

"Hakuna," nikasema na mimi. Na nilikuwa nasema kweli, ninavyoijua kweli. Kwetu aliyezama hahesabiwi hapo. Aliyezama alichukuliwa na maji, basi, ana aliyemchukua. Kufa ghafla ni kufa bila wa kulaumiwa.

Daktari akaandika. Halafu, kama mtu anayeelekea kumaliza, akauliza tu, "Ukiacha mpira unafanya mazoezi gani mengine? Unaogelea?"

"Sisi kwetu hatuogelei," Pikipiki akajibu. "Babu mdogo alizama."

Kalamu ikasimama. Daktari akaishusha ile miwani kichwani akaivaa.

"Alikuwa na umri gani?"

"Kijana tu," nikasema. "Hajaoa."

"Alikuwa anajua kuogelea?"

"Wanasema alikuwa samaki."

Nililisema hilo nikalisikia mwenyewe jinsi lilivyo. Miaka yote tumekuwa tukilisema kwa sifa.

"Nani alikuwa naye?"

Mimi na Pikipiki tulimtazama mume wangu, kwa hiyo ilikuwa kama tumejibu. Daktari akamgeukia kwa heshima kabisa.

"Babu, maji yalimfika wapi?"

Mume wangu alimtazama daktari. Akalitazama sinki.

"Daktari, bomba lako linavuja."

"Najua, babu. Maji yalimfika wapi?"

"Ni mpira wa ndani umekufa. Ukiuacha utaharibu na koki."

Akainuka, akafungua mfuko wake, akainama chini ya sinki kufunga maji. Tukabaki tunautazama mgongo wake. Sijui kama umewahi kukaa kwenye chumba cha daktari wa moyo, na mjukuu wako ana alama za vibandiko mikononi, na mume wako anafungua bomba la serikali ambalo hakuombwa. Hakuna mahali pa kuweka uso. Daktari hakumkataza. Mume wangu alibadilisha ule mpira, akakaza, akafungulia, akafunga. Kimya.

"Halivuji tena," akasema. Akafunga mfuko, akavaa kofia, akatoka nje.

Ndipo daktari alipotueleza. Alituambia polepole, na Pikipiki alikuwa ameacha kuchezesha mguu.

"Mtu anayejua kuogelea akizama kwenye kina kirefu, huenda ni maji kweli. Mkondo, uchovu, lolote. Lakini akianguka kwenye maji ya kina kifupi, mahali ambapo angesimama tu akatembea, basi si maji yaliyomuua. Moyo ulisimama kwanza, naye akaangukia maji kwa sababu ndiyo yaliyokuwa chini yake. Kuna mioyo ya namna hiyo. Kuogelea kunaisumbua, kukimbia kunaisumbua. Na inarithiwa."

"Sasa wewe unafanyaje?" nikamuuliza.

"Kama ilikuwa kina kirefu, huyu nampa ruhusa, acheze, nimwone tena baadaye. Kama kilikuwa kifupi, hachezi. Namwanzishia dawa na vipimo vingine. Na nawataka babu, baba yake, na shangazi zake, wote waje walale kwenye kile kitanda." Akamtazama Pikipiki. "Rudini Ijumaa."

"Mechi ya kwanza ni Jumamosi," Pikipiki akasema.

"Ndiyo maana nimesema Ijumaa."

Jioni ile wifi yangu akaja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, sisi tunamwita Spika, kwa sababu hakihitajiki kipaza sauti. Habari zilikuwa zimeshamfikia, sijui kwa njia gani, habari humfikia yeye kabla hazijatokea. Akakaa, akavua viatu, akaanza.

"Mwacheni kaka yangu."

"Wifi, hakuna aliyemshika."

"Wewe hukuwepo. Walitoka wawili akarudi mmoja. Unajua watu walisema nini? Kijana mwenye nguvu vile hafi hivi hivi, lazima atafutwe mtu. Na wa kutafutwa alikuwa mmoja tu, amesimama mlangoni ameloa, anatetemeka. Baba akatoka nje akawaambia watu, mwanangu amezama kwenye kina, nendeni makwenu. Yakaisha. Baba akisema kina, ni kina."

"Na wewe uliona ni kina?"

"Mimi nilikuwa nyumbani nafua."

"Basi hujui."

"Sijui," akasema Spika, "na sina bidii ya kujua. Una chai?"

Nilimpa chai. Lakini nilikuwa nimeelewa kitu ambacho katika ndoa yote hii sikukielewa. Kina kile mume wangu hakukitunga. Alipewa na baba yake, kama mtu anavyopewa koti wakati wa baridi, na hajawahi kulivua kwa kuogopa watakachokiona ndani. Akisema leo maji yalikuwa machache, wale waliokwenda makwao siku ile wanaweza kurudi. Wengi wamekufa, lakini maneno yao yana watoto.

Siku iliyofuata nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba. Mume wangu alikuwa pale kwenye benchi lake, anazungushia tepu nyeupe kwenye uzi wa bomba, na Pikipiki akaja akachuchumaa mbele yake. Sikujificha, nilikuwa tu nyuma ya shuka.

"Babu mchumba."

"Naam."

"Sema kwenye kina."

Akaendelea kuzungusha tepu.

"Neno moja tu, babu. Na wala si uongo, baba yako ndiye aliyesema. Wewe unarudia tu. Nacheza Jumamosi, halafu daktari ananiona tena, mwenyewe amesema. Nimeisubiri ligi hii tangu naanza kuvaa viatu vya njumu vya kuazima."

"Shika hapa," akamwambia. Pikipiki akashika bomba. Babu yake akafunga kiungo kwa spana, akajaribu, kikakaza.

"Ukikimbia sana," akamuuliza, "unasikia nini?"

"Raha."

"Baada ya raha?"

Pikipiki akacheka. "Baada ya raha? Mara nyingine giza dogo. Linakuja hapa mbele ya macho, halafu nalipita."

"Unalipita."

"Nalipita. Lina kasi ndogo."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Aliniuliza kuzimia. Mimi sijazimia, babu. Mtu aliyezimia anaanguka."

Mume wangu akaliweka lile bomba chini. Hakulitupa, alililaza kama kitu kinacholala. Akamshika Pikipiki kichwani, akaondoka kwenda kutazama mita ya maji, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mimi nilibaki nimeshika kibanio mdomoni. Mke mwenza akaja akaniona.

"Bibi, ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa naanika."

"Shuka moja tangu saa ile?"

"Lina kona nyingi."

Sikumgombeza. Nilimkumbatia na shuka lote bichi, akalalamika kuwa namlowesha.

Nilimfuata mume wangu kule kwenye mita. Nilitaka kumwambia mengi, lakini sisi wawili tuna njia yetu. Nikamtegea.

"Walitoka wawili, akarudi mmoja, na aliyerudi hajafika mpaka leo. Nani huyo?"

"Nakupa mji," akasema, bila kugeuka.

"Huna mji tena, mume wangu. Umeshamaliza."

Akafuta kioo cha mita kwa kidole gumba. Sindano ilikuwa imesimama, hakuna aliyekuwa anatumia maji.

"Kituo cha basi je?"

"Sikitaki."

Hatukulisema tena. Nilipika, akala. Usingizi sijui nani alilala.

Ijumaa tulijaa kwenye chumba cha daktari kama tumekuja kupiga picha ya harusi. Mimi na mume wangu kwenye viti. Spika kwenye kiti cha daktari mwenyewe, kwa sababu aliwahi kuingia. Daktari amesimama. Kocha mlangoni na filimbi yake. Pikipiki amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, soksi za timu amezivuta mpaka juu. Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa ametoka nyumbani bila mfuko wa spana. Nilimuuliza mlangoni kama amesahau. Akasema hapana.

"Babu," daktari akasema, "sina swali jipya. Ni lile lile."

"Kwenye kina," akasema Spika.

"Mama, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa nafua."

"Mzee," kocha akasema kwa upole, "sisemi kitu. Nasema tu jezi yake imeshapigwa namba."

"Kocha, toka," nikamwambia.

"Natoka, bibi." Hakutoka.

"Kaka," Spika akaanza tena, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, "baba alikwisha..."

"Dada. Nyamaza."

Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo. Spika mwenyewe hajawahi kusikia. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nikamtazama Pikipiki. Nilijua anachotaka, chumba chote kilijua. Lakini hakusema. Alikuwa anamtazama babu yake kama anavyomtazama mwamuzi anapotia mkono mfukoni, kabla hajajua ni kadi gani.

Mume wangu akavua kofia akaiweka gotini.

"Hatukuwa tunaogelea," akasema. "Tulikuwa tunavuka. Yeye ndiye aliyesema tushindane, atakayefika ng'ambo mwisho atabeba mzigo wa mwenzake. Alikuwa hodari kuliko mimi. Sikuwahi kumshinda kwa lolote. Siku ile nilikuwa mbele. Nikafurahi. Namsikia nyuma yangu anakuja, maji yanaruka, chwaa, chwaa. Halafu nikasikia kimya. Nikajua ananitania, nikaendelea mpaka ng'ambo. Ndipo nikageuka."

Daktari hakuandika.

"Nilimgeuza mwenyewe. Nilimvuta mwenyewe. Watu wakaniuliza ulimfanya nini, nami sikuwa na la kuwaambia. Ningewaambiaje? Baba akasema kina. Nikakubali."

"Babu," daktari akasema, taratibu sana, "na maji?"

Mume wangu akainuka. Hakumwendea daktari. Alikwenda pale kitandani, akainama mbele ya Pikipiki kwa shida ya kiuno chake, akaweka kiganja kwenye mguu wa mtoto, juu kidogo ya kifundo, akakipandisha polepole juu ya soksi kama anayepima bomba kabla ya kulikata, akasimamisha.

"Mchumba," akasema, "hayakumfika hata magotini."